Usukani Umemfika Kwa Paji

Jameni, nani hapa Lodwar ako na grainda ya kukata chuma? Nimekwama, na sitanii.

Mwezi mzima nimekuwa Kakuma nikichomelea mashine ya gemu ya magari, ya mzee Lokwang kuchezea nyumbani. Usukani na pedeli nimezipanga kwa kipimo chake mwenyewe. Kwa simu nilimuuliza, "Mzee, utakalia nini?"

"Kiti changu."

Nikapima kiti changu cha plastiki. Mjinga mimi.

Leo nimemfikishia. Naye akaenda kuleta kiti chake.

Ekicholong!

Kile kigoda cha mbao wazee hutembea nacho mkononi, kifupi kuliko ndoo. Miaka yote hii niko Turkana, na sikufikiria!

Akakaa. Usukani ukamfika kwa paji la uso. Akitafuta pedeli, magoti yanapanda masikioni.

"Mzee, si tutafute kiti kirefu?"

"Mimi nilisema kiti changu. Kata mashine."

Nikate wapi? Nyaya zote zimepita ndani ya miguu ya mashine!

Nikabaki nimeshika kichwa. Yeye akalaza ekicholong chini, akaifanya mto, akajinyoosha pale pale chini ya usukani.

"Ejok, sawa tu. Ukimaliza kukata, niamshe."

Sasa anakoroma.

Grainda, watu wangu. Na mtu wa kunishikia miguu ya mashine, isimwangukie.