Rubani Asiyeshika Jembe

Ugali ulichelewa kwa sababu mwiko ulikuwa angani. Ndivyo Erastus alivyosema mwenyewe, tena bila kucheka. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha baba yake, vifuniko viwili vya sufuria ameviegemeza ukutani mbele yake eti ndizo saa za ndege, mwiko umesimama katikati ya magoti, macho kayafumba. Miguu ilikuwa inakanyaga hewa. Dada yake, Ayuma, alisimama mlangoni mwa jiko huku maji yanachemka kwenye sufuria.

"Nipe mwiko, maji yanakauka," Ayuma akasema.

"Ngoja nitue kwanza."

"Utatua saa ngapi?"

"Mtu haongeleshwi akitua," Erastus akamjibu, macho bado kayafumba. "Lakini nyinyi washamba mtajua wapi."

Basi wakangoja. Mzee mzima Shivachi, mwenye boma, aliyelima maisha yake yote kando ya njia ya kwenda Mukumu, akakaa kimya kwenye kigoda kwa heshima ya ndege ambayo haipo. Mama naye kimya. Na Ayuma, aliyetoka shambani na tope hadi magotini, akasimama kama mlinzi mpaka kaka yake alipotua salama na kumrushia mwiko.

Erastus alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Shivachi. Alipelekwa ng'ambo kabla ya uhuru akasomee kilimo, akarudi mwaka wa pili wa uhuru na cheti cha urubani, kofia yenye utepe, na dharau ya kuwatosha wote. Cheti kilikuwa cha kweli, tusimwonee. Kurusha ndege alijua. Kitu ambacho hakukijua tena ni kusema asante. Chai ya nyumbani ilikuwa na moshi, choo kilikuwa mbali, watu walikuwa wanamsalimu kwa mikono michafu. Alikaa miezi bila kazi, na kila mwezi dharau ilizidi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kisha kampuni moja ya ndege za mizigo ikamwitikia. Ilikuwa inabeba samaki, dawa na vipuri vya trekta, ikitua popote penye nyasi zilizokatwa. Kapteni wao, Mzungu, angetua uwanja mdogo wa Kakamega siku ya Ijumaa akileta dawa za hospitali ya misheni, na hapo hapo angemsaili Erastus. Akimpenda, kazi ni yake.

Ungeona boma lilivyopinduka. Senge Musimbi, dada ya Mzee Shivachi, alihamia pale na blanketi lake kusimamia mambo, na alipofika akatoa amri moja tu. "Mtu wa ndege hashikangi jembe. Mzungu ataangalia mikono. Akiona sugu atasema huyu ni kibarua."

Na Erastus, aliyesoma mpaka ng'ambo, akakubali. Akakubali upesi mno. Tangu siku hiyo hakushika jembe, hakushika ndoo, hakufunga hata mlango wa zizi. Alitunzwa kama kijana aliyetoka kutahiriwa, akaletewa maji ya kunawa hapo alipokaa. Sehemu yake ya kulima ilihamia kwa Ayuma. Ng'ombe wake wakahamia kwa Ayuma. Kuni, vivyo hivyo. Na kuku waliochinjwa ili rubani apate nguvu walikuwa kuku wa Ayuma, aliowafuga kutoka vifaranga, akiwahesabu kuwa ndio sare na viatu vyake vya uuguzi. Firigisi alikula Erastus, mapaja alikula Erastus. Ayuma alikunywa mchuzi akiwa jikoni, na Senge akamwambia ashukuru, zamani mwanamke hakuonjanga hata huo mchuzi.

Ayuma alishukuru. Meno yamekazana, lakini alishukuru, kwa sababu alikuwa na lake. Masista wa Mukumu walikuwa wamekwisha mkubali kwenye mafunzo ya uuguzi, na baba yake alikuwa amesema mbele ya Mama na mbele ya Senge: "Ndugu yako akipata kazi, wewe utakwenda. Asipopata, siwezi. Utaolewa kama wengine." Mwaka uliotangulia nafasi hiyo ilikuwapo pia, akaambiwa amngojee Erastus arudi. Akamngojea. Sasa masista walikuwa wamesema hawatamwekea nafasi mara ya tatu. Kwa hiyo kazi ya Erastus ilikuwa kazi ya Ayuma, na hakuna aliyeiombea kuliko yeye.

Ndiyo maana jioni alimsomea maswali. Erastus alikuwa na kitabu cha Kiingereza cha mambo ya mizigo, na Ayuma, aliyemaliza darasa la nane kabla ya jembe kumwita, alikishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukipukuchua maharagwe.

"Mzigo ukiwekwa nyuma sana, ndege inafanya nini?"

"Inainua pua, inapoteza mwendo, inaanguka. Na wewe hiyo si l, ni r. Unasoma kama mchunga mbuzi."

"Mwenye mzigo akikuambia ni kilo chache, na gunia linaonekana zito?"

"Napima. Naandika uzito wa kweli. Endelea, mchunga mbuzi."

Aliendelea. Majibu alikuwa anayo, hilo Ayuma hakumnyima. Alimsikiliza akiyatiririsha, akajisemea kwamba Mungu akigawa akili haangalii anampa nani.

Ijumaa ikafika. Ayuma alikuwa amepiga shati pasi ya makaa tangu alfajiri, mara mbili, maana mara ya kwanza Erastus aliona mkunjo kwapani, mahali ambapo hata mkewe wa baadaye asingepaona. Viatu vilipakwa rangi. Vitabu, cheti, koti la akiba na kofia vikaingia kwenye sanduku la chuma, na lilipofungwa kila mtu akalitazama sanduku, halafu akamtazama Ayuma. Hakuna aliyeuliza. Senge mwenyewe alimkunjia kata ya majani ya mgomba ya kuwekea sanduku kichwani.

"Mzungu asimuone amebeba," Senge akasema. "Mtu mkubwa hujulikana kwa mikono mitupu."

Wakashika njia. Erastus mbele, mikono nyuma, akiruka madimbwi kama bata anayeogopa maji. Ayuma nyuma na sanduku kichwani, shingo inalia. Walipopita madukani watu walimwamkia rubani, naye akaitikia kwa kidevu. Kuna mmoja alimuuliza Ayuma kama sanduku si zito. Erastus akamjibu kwa niaba yake kwamba amezoea.

Ndege ilikuwa imekwisha tua. Ilikuwa kuukuu, rangi imebambuka, na mlango wake mpana ulikuwa wazi. Mzungu mmoja mnene, kaptura yake imelowa jasho, alikuwa anashusha katoni za dawa peke yake na kuzipanga kwenye nyasi. Gari la misheni lilikuwa halijafika. Erastus akamwamkia kwa Kiingereza kizuri, akataja jina lake, na yule Mzungu akasema ndiye Kapteni, amngoje kidogo amalize mzigo.

Akamngoja. Mbele ya Ayuma, yule mwanaume kijana mwenye mabega kama mlango alisimama na mikono yake laini akamtazama Kapteni akihema chini ya katoni, moja baada ya nyingine, bila hata kujifanya anasogea. Aibu ilimshika Ayuma mpaka masikioni. Akatua sanduku, akaenda mlangoni, akapokea katoni. Kapteni akamtazama, akampa nyingine. Wakazimaliza pamoja bila kusemezana.

Kisha usaili. Kapteni alikalia katoni, Erastus akalikalia sanduku baada ya kulipangusa kwa leso, na Ayuma akasimama kando, karibu vya kutosha kusikia. Maswali yakaja. Upepo wa ubavuni, uwanja mfupi, mvua, injini moja ikizimika. Erastus aliyajibu yote, na aliyajibu vizuri, na kila jibu Ayuma alilisema kimoyomoyo kabla yake akiomba lisikwame. Halikukwama. Kapteni akaanza kuitikia kwa kichwa, akaanza kutabasamu.

"Mimi sina mtu wa kukukagua huko porini," Kapteni akasema mwishowe. "Ukiniambia umebeba kiasi fulani, naamini. Rubani wangu mmoja alisema uongo kidogo tu juu ya magunia ya samaki. Tulimzika. Kwa hiyo nataka mtu ambaye neno lake ni neno."

"Neno langu ni neno, bwana," Erastus akasema.

Kapteni akacheka, akasimama. Akasema anadhani wataelewana. Ayuma aliona mkono wake unaanza kunyooka, na moyo wake mwenyewe ukaruka mpaka Mukumu ukarudi. Hapo Kapteni akageuza kichwa kumwelekea, kwa adabu tu, kama mtu anayekumbuka kushukuru.

"Na huyu msichana hodari ni nani? Jamaa yako?"

Erastus alimtazama Ayuma. Alitazama miguu yake isiyo na viatu, tope la njiani, kata ya majani ya mgomba bado iko kichwani. Hakufikiri sana.

"Hapana, bwana," akasema. "Ni mtumishi wetu wa nyumbani."

Alisema kwa Kiingereza, akiamini kwamba mchunga mbuzi hataelewa. Yeye aliyesomewa kitabu kizima na huyo mchunga mbuzi.

Kapteni akaitikia. Akamgeukia Ayuma, na kwa kile Kiswahili cha mashambani, cha watu waliojifunza lugha kwa kuamrisha, akamuuliza kwa upole kabisa: "Wewe nafanya kazi kwa bwana huyu siku mingi?"

Ayuma alijua kinachotakiwa. Aseme "ndiyo, bwana," ainamishe kichwa, na kazi ipatikane. Baba afurahi, Senge apige vigelegele, naye avae sare nyeupe. Maneno mawili tu, na maisha yake yote alikuwa ameyasema. Akamtazama kaka yake. Erastus alikuwa hana hofu hata chembe. Alikuwa anatabasamu, akimngoja atii, kama anavyongoja maji ya kunawa.

"Tangu nizaliwe, bwana," Ayuma akasema. "Huyu ni ndugu yangu. Tumbo moja."

Akarudia kwa Kiingereza, pole pole, na l na r kila moja mahali ilipopenda yenyewe.

Kapteni alimtazama Erastus. Akamuuliza kama ni kweli. Kile kinywa kilichojibu juu ya upepo na injini na mvua kikafunguka, kikakaa wazi, kikafungwa. Kapteni akauingiza mkono wake mfukoni. Hakukasirika. Alimshukuru kwa kuja, akapanda ndege yake, akaanza kuangalia mambo yake.

Erastus akaja mpaka karibu kabisa na dada yake.

"Unajua umefanya nini?" akasema. "Na Mukumu yako je? Ulifikiri ni nani angekulipia?"

"Najua," Ayuma akasema.

Alikuwa amejua kabla hajafungua kinywa. Akavua kata kichwani, akaitupa kwenye nyasi, akashika njia ya kurudi nyumbani kwenye jembe lake, mikono mitupu, analia kwa sauti, wala hakugeuka kuona nani atabeba sanduku.