Jina la Babu Kwenye Bango

Harufu ya gundi ya unga ndiyo inayonirudisha kwenye likizo ile ya Agosti. Vijana walikuwa wamepita mtaani kwetu Kangemi asubuhi wakibandika mabango kwenye kuta za maduka, na karatasi zilikuwa bado zimelowa nilipopita pale na nyanya yangu, niliyemwita Kukhu, tukielekea mtaa wa matajiri wa Lavington alikofulia watu nguo. Bango lilikuwa na picha ya wazee wanne wenye kofia zilizowafunika hadi machoni. Tausi Jazi wamerudi, lilisema, wanamuziki wale wale wa zamani, Jumapili mchana, katika mkahawa mmoja huko Karen. Nilikuwa nimejua kusoma na nilipenda kujionyesha, kwa hiyo nikayasoma majina kwa sauti. Nilipofika kwa Josiah Makokha, mpiga gita la solo, Kukhu alinishika bega. "Soma tena hilo." Nikasoma. Lilikuwa jina la mume wake, babu yangu, aliyezikwa kabla sijazaliwa.

Nilichojua kuhusu babu nilikiokota kwenye minong'ono ya watu wazima. Alifia safarini na bendi, huko Mwanza, na wenzake wakamleta nyumbani katika sanduku lililopigiliwa misumari. Walisema safari ilikuwa ndefu na jua kali, afadhali lisifunguliwe. Kukhu alikubali, akazika sanduku bila kuuona uso wa mumewe. Sasa jina lilikuwa ukutani, na wiki ile yote hakuwa na raha. Alisimama kwenye kamba na shuka mbichi mikononi, asiianike. Mara moja aliniuliza, kana kwamba hasemi nami, "Mtu akitaka kuitoroka familia yake, si anaweza kupanga na wenzake waseme amekufa?" Mama, aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini, alimkatiza jioni hiyo. "Mama, hao wanatafuta tu watu wa kujaza viti." Kukhu akajibu, "Basi nitaenda nikae kwenye kimoja." Mimi nami nikaingiwa na shaka. Kila mzee aliyepita barabarani nilimkagua pua na masikio. Nilijiambia babu ana nyumba nyingine mahali fulani, yenye wajukuu wengine, na nikawachukia watoto hao kwa moyo wangu wote.

Jumapili hiyo Kukhu alivaa gauni lake la kanisani. Bustani ya ule mkahawa wa Karen ilikuwa na nyasi laini kuliko zulia, moshi wa nyama choma, na magari makubwa yaliyoegeshwa hadi nje ya lango. Alichagua kiti cha nyuma, karibu na ua wa michongoma, mahali pa kuona bila kuonekana. Mpiga solo alipanda akiwa na miwani myeusi na kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Alipoligusa gita, watu wakapiga mayowe, na mama mmoja mbele yetu akafuta machozi. Kukhu aliinama mbele. Alikaa hivyo wimbo mzima, halafu akaegemea kiti polepole. "Si yeye," alisema. Nilidhani angefurahi, lakini alibaki akikunja na kukunjua pindo la gauni lake.

Bendi ilipopumzika, tulizunguka nyuma ya jukwaa. Kwa karibu, huyo mpiga solo hata hakuwa mzee. Alikuwa rika la mama, na ndevu zake zilipakwa poda zionekane na mvi. Karibu naye alikaa mwimbaji, Mzee Barasa, ambaye kweli alikuwa na bendi tangu mwanzo. Alipomwona Kukhu alisimama, akavua kofia.

"Shemeji Rosa."

"Nani aliwaruhusu kutumia jina lake?"

"Watu huliulizia. Bila jina hilo hatuitwi popote."

Kukhu alimsogelea. "Barasa, ndani ya lile sanduku alikuwa nani?"

Mzee alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Alikuwa yeye. Mimi ndiye niliyemwosha. Nikamvalisha lile shati la kijani, ambalo kola yake uliishona kwa uzi mweusi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, shemeji. Nilidhani unajua."

Kukhu aliketi juu ya spika akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Ukirudi pale juu, waambie amekufa." Mzee Barasa akawaambia, kwenye maikrofoni. Watu wakapiga makofi, wengine wakitazamana, na yule mpiga solo wa ndevu za poda akapiga wimbo uliofuata bila kofia.

Siku hizi mabango huja kwenye simu, na bendi za zamani bado hazijaisha, eti zote na watu wale wale. Mimi huenda, na wakipumzika huwafuata na kuuliza nani hasa alikuwepo. Wengine hucheka, wengine hukasirika. Juzi, katika hoteli moja katikati ya jiji, mzee wa gita la besi alinitazama, akashusha sauti. "Nimebaki mimi tu. Lakini usiwaambie, wamefurahi sana." Kukhu angemtaka aseme kwenye maikrofoni. Mimi nilirudi kwenye kiti changu, nikapiga makofi pamoja na wengine.