UPS Nyepesi ya Mama

Mimi kuhusu UPS, yale maboksi ya betri yanayoshika umeme ukikatika, nabishana na mtu yeyote, hata nje ya kanisa. Zile za dukani zina saketi moja ya kuchaji betri na nyingine ya kugeuza umeme wa betri uwashe vifaa. Mbili za nini? Kwenye karakana yangu ya Kimandolu nilisuka saketi moja inayofanya kazi zote: umeme ukiwepo inachaji, ukikatika inageuza. Nusu ya transista nikaziacha nje. Kisichokuwemo hakiungui, bwana! Sensa ya joto tu ndiyo sikuigusa.

Ya kwanza niliipeleka Kikwe kwa mama, ambaye mapafu yake yanategemea mashine ya oksijeni. Kaka yangu akainyanyua kwa mkono mmoja, akacheka. "Nyepesi hivi? Umemletea mama boksi tupu?"

Huku kwetu UPS inapimwa kwa mkono. Isipokuvunja mgongo, si mali. Nikamwambia asubiri umeme ukatike. Ukakatika kesho yake, mashine ikaendelea kunguruma, mama hata hakujua.

Jumapili moja tulikuwa sebuleni tunakula ndizi, umeme ukakatika tena. Baada ya muda UPS ikapiga kelele, ikazima. Mashine ya oksijeni kimya. Mama akaanza kuvuta pumzi kwa shida, midomo ikabadilika rangi.

"Si nilisema!" kaka akafoka.

Niliogopa, jamani. Nikaishika UPS: ya moto! Juu yake kilikuwa kimetandazwa kitambaa cha kufuma, kizito, chenye maua, kimeziba matundu yote ya hewa. Nyumba hii televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, na sasa UPS nayo imevalishwa. Nikakivuta, nikaipepea kwa sinia. Sensa ilikuwa imeizima kabla haijaungua, kwa hiyo ilipopoa nikabonyeza swichi na mashine ikanguruma. Pumzi ya mama ikarudi polepole. Kaka akachukua sinia, akaendelea kuipepea UPS.

Nikamgeukia mama, hasira na machozi kwa pamoja. "Mama, kitambaa?"

"Ni kazi ya mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Niiache uchi? Wageni wakija wataona nini?"

"Watakuona wewe, mama. Unapumua."