Mjomba Alipoleta Habari ya Msiba kwa Mshauri Wangu wa Masomo

Kila muhula, chuoni kwetu Kasulu, mshauri wangu wa masomo alituita mmoja mmoja kupitia kozi zetu. Akiniuliza, "Unaendeleaje, binti?" nilijibu, "Vizuri, Madam," hata somo la takwimu lilipokuwa linanitoa jasho. Nimekulia Kibondo. Kwetu mkubwa akikuuliza kama mambo yanakwenda, unasema yanakwenda, halafu unaenda kuhangaika peke yako.

Nilikuwa mwaka wa tatu bibi yangu alipofariki. Ndiye aliyenilea kule Busunzu. Aliingia nchi hii akiwa mkimbizi kutoka Burundi, akafa akiwa raia mwenye shamba lake la mihogo, na jirani yeyote aliyesogeza mpaka alimjua. Habari ilinikuta katikati ya mitihani. Nilipanda gari la kwanza la asubuhi, na chuoni sikumwambia mtu.

Wengi wameniuliza kwa nini sikupiga simu tu. Katika ukoo wetu mjukuu hatangazi kifo cha bibi yake. Wazee humchagua mtu mzima wa kupeleka habari, naye huenda mwenyewe kwa miguu yake. Wa kwenda chuoni alichaguliwa mjomba. Lakini mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba, na mkubwa wa msiba hatoki nyumbani mpaka matanga yaanuliwe. Basi mimi nikamsubiri mjomba, mjomba akasubiri matanga, na mitihani ikaisha bila sisi.

Niliporudi, wenzangu walinipokea kwa pole na kwa hofu. Mtihani ulioukosa bila ruhusa ni sifuri, na kwa sifuri zangu nilikuwa nadisko, yaani nafukuzwa chuo. Hapo ndipo nilipogonga mlango wa Madam bila kuitwa.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Mjomba ndiye aliyepaswa kusema, Madam."

"Na mjomba yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Akanipa pole na kuanza kunieleza kanuni: kamati itakaa lini, itataka kujua nini, nani ana uamuzi. Mwisho akasema, "Siwezi kukuahidi kitu. Nitakusemea, basi." Nilitoka nimeudhika. Nilitaka aniambie usijali. Leo nami ni mwalimu, naelewa kwamba usijali ya bure ingeniumiza zaidi.

Mjomba alifika amevaa koti lake la kanisani, akaenda moja kwa moja mlangoni. Madam akamwomba arudi kwenye foleni, kwa heshima zote, kwa sababu wanafunzi walikuwa wametangulia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mzee mzima, ametoka Busunzu, anapangwa nyuma ya vijana wenye earphone!

Zamu yake ilipofika alikataa kiti. "Habari hii haisemwi tumekaa," alisema. Madam akasimama.

"Amahoro, mama mwalimu," mjomba alianza kwa salamu ya Kirundi. "Nimetumwa na ukoo. Mama yetu ametutoka." Akaanzia kilima alichozaliwa bibi huko Burundi, akaja kwenye njia waliyopita wakikimbia, akaja kwa watoto waliozikwa njiani na waliofika. Nje watu walikohoa kwa makusudi. Madam hakutazama saa hata mara moja. Mjomba akamalizia: "Huyu mtoto hakutoroka mtihani. Alikuwa na sisi. Kuchelewa ni kwangu, si kwake."

"Poleni sana, baba," Madam alijibu. "Unaniruhusu niyapeleke maneno haya kwenye kamati kama ulivyoyasema?"

"Ego," mjomba akasema, ndiyo ya kwetu, kisha ndipo akakubali kuketi.

Siku ya kamati nilikaa kwenye benchi la korido, nikijiona tayari nalima mihogo na shahada nimeiacha nusu. Madam alitoka akanipeleka ofisini kwake. "Utafanya mtihani maalumu," alisema. "Usome. Nimejitia kitanzi kwa ajili yako."

Nilimshukuru. Nilipogeuka kuondoka, akaniita na kunionyesha kiti.

"Ya chuo yamekwisha," alisema. "Mjomba ameniambia bibi yako alikotoka. Hakuniambia alikuwa mtu wa namna gani. Niambie wewe."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Msibani nilikuwa mjukuu wa kuchota maji na kupika, chuoni nilikuwa kesi. Nikaanza kusema alikuwa akiniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Sikufika mbali. Nililia kama ambavyo sikuwahi kulia tangu tumzike, na Madam hakunihimiza ninyamaze.

Mtu aligonga mlango. Zilikuwa saa za wanafunzi, na foleni ilikuwa ndefu.

"Subirini kidogo," Madam akaitikia. "Nina mfiwa humu."