Kikuba Kilichogoma Kuganda

Saa tatu asubuhi, Madale. Bupe Mwakatobe anainamia meza ya kazi na kugusa sinia kwa ncha ya kidole. Kidole kinanata. Analitazama kama mgonjwa mahututi.

"Mama Hope, hilo ni sinia au jeli?" anauliza mumewe, Gaspar, akiwa mlangoni.

"Ni sinia. Linatafakari tu."

Bupe, mzaliwa wa Tukuyu, huhifadhi maua ya harusi ndani ya rezini, maji mazito kama asali ambayo yakichanganywa na hadina, dawa yake ya kugandishia, huwa magumu na maangavu kama kioo. Yakikubali.

Mwanzoni hayakukubali. Kibao chake cha kwanza cha kuwekea kikombe alikitoa zawadi kwa mchungaji, na mchungaji akaenda nacho madhabahuni kikiwa kimenata kwenye mkono wa joho.

"Nilikuwaga nakadiria kwa macho, kama chumvi ya mboga," anasema. "Nikaongeza hadina nikidhani itawahi kukauka. Wapi! Ukizidisha inanuna, ukipunguza inanuna."

Siku hizi hupima kwa mizani ya jikoni, hukoroga taratibu akikwangua pembe na chini ya kopo, na mvua ikinyesha hufunga madirisha, maana unyevu ni adui.

Ndiyo maana sinia la leo la rezini linamuumiza kichwa. Ndani yake kimo kikuba, kishada cha asumini na mrehani alichovaa bibi harusi Zuena kifuani siku ya harusi yake. Mama yake, Bi Naima wa Temeke, alikifunga kwa mikono yake. Jumapili Zuena anahamia Tabora kwa mumewe, na kikuba kingine cha harusi ile hakipo.

Bupe anagonga ukingo kwa ukucha. Mgumu kama jiwe. Panaponata ni katikati tu, kuzunguka maua. Basi kosa si vipimo. Anainama tena, mara hii kwa pua.

Waridi. Asumini iliyokaushwa ndani ya mchele tangu lini ikanukia waridi?

Anapiga simu Temeke.

"Shikamoo mama. Samahani, siku ile ulipokuja kukiaga kikuba, nikaenda kuchemsha chai, ulikifanyia chochote?"

"Marahaba mwanangu. Nilikinyunyizia marashi kidogo. Nimpeleke binti yangu ugenini na maua makavu, yasiyo na baraka? Mie si mchawi."

"Hapana mama. Ni baraka tu, imeingia kabla ya zamu yake."

Bupe anakata simu na kucheka mpaka Gaspar anarudi kuchungulia. Kisha anavuta kiti. Kwa kijiti anakwangua ute wote wa katikati, anakichomoa kikuba, anakipangusa kwa spiriti ua baada ya ua, na kukirudisha kwenye mchele. Kikikauka anasafisha lile shimo, anakirudisha ndani na kumimina rezini upya, kwa mizani.

Jumamosi Bi Naima anafika mwenyewe. Analigonga sinia kwa pete yake. Linalia kama kioo. Kikuba kimetulia ndani, uzi wake mweupe ukionekana fundo kwa fundo.

"Mashallah," anasema, kisha sauti inapungua. "Ila halinukii."

Bupe anaweka kitambaa safi mezani. "Chupa umekuja nayo?"

Bi Naima anaitoa mkobani kwa aibu kidogo.

"Sasa nyunyiza, mama. Hata yote. Hayaingii tena."

Bi Naima ananyunyizia, chumba kinajaa waridi, na Gaspar anapiga chafya kwa unyenyekevu mkubwa.

Bupe anatazama, kifua mbele. Mpango wake ni kujenga kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba, chenye rafu za kukaushia maua na benchi la wageni nje ya mlango.

"Kina mama wa Pwani nawataka wote," anasema. "Waje na vikuba vyao, waje na marashi yao. Marashi yatasubiri nami benchini, tukinywa chai."