Mtani Aliyekuja Kuiona Nyumba Yangu ya Ipuli

Nimesoma hadi chuo, na bado nimeiharibu biashara ya nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitaka kuiuza ili nihamie Puge kumuuguza mama, hivyo nikawa natafuta dalali. Wawili niliwakataa kwa kuwa walisema mno. Wa tatu, ambaye tuliongea kwa simu tu, aliahidi kufika Jumamosi.

Jumamosi akaja mwanamume mtulivu. Katika kusalimiana nikajua ni Mzaramo, nami Mnyamwezi nikafurahi kupata mtani, maana makabila yetu hutaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi.

"Wewe ndiye dalali?"

"Hapana, mimi ndiye mnunuzi."

"Mzaramo anunue nyumba? Hata kofia hiyo umeazima!"

"Nimeazima kwa babu yako, siku alipotua mzigo kwetu pwani."

Nikacheka hadi machozi, nikijua ni dalali anayenitania. Nikamwingiza ndani na kumfundisha kazi: wateja awalete masika, kwa sababu kiangazi kisima hukauka, na kabati la chumbani lisisogezwe, kwa kuwa linaficha ufa. Kisha nikamnong'oneza bei ya chini kabisa nitakayoikubali. Alisikiliza kwa makini, nami nikaridhika kwamba huyu ndiye.

Hodi ikapigwa. Akaingia mwanamume mwingine, akihema.

"Shikamoo mama. Samahani nimechelewa, mimi ndiye dalali. Kumbe mteja wangu ametangulia!"

Nikamgeukia mtani wangu.

"Mimi nilikwambia mapema," akasema. "Haya, mtani, tuanze na ile bei ya chini, au kwanza tusogeze kabati?"