Ngozi Laini Mno

Mwaka ule wa njaa, enzi za Mwingereza, nyumbani kwetu Nangwa ilibaki ngozi moja tu ya ng'ombe. Mama na mimi tulikuwa tumeifikicha kwa siagi miezi mitatu, mpaka viganja vikachubuka, iwe sketi yangu ya kuolewa. Kwetu msichana mwenye ngozi ngumu anachekwa: "Mvivu huyo, kavaa gome la mti!"

Mdogo wangu alipoanza kuvimba miguu kwa njaa, mama akaibeba, nikamfuata mpaka dukani Katesh, abadilishe na mahindi. Mbele yetu alikuwa jirani na ngozi yake, aliianika tu juani, ngumu, na damu bado imegandia. Akaondoka na debe zima.

Mwenye duka akaiminya yetu kwa kidole gumba, akasema puani, hivi: "Aaa, mama, hii mmeshaiharibu. Mimi nanunua ngumu, inayolia kama bati."

"Kuharibu? Shika tena, baba! Shika vizuri!"

"Nimeshika, mama. Laini kama shavu la mtoto. Rudi nayo."

Mimi mjinga nikaicheka ile pua. Mama akanifinya.

Tukaipika. Iliiva upesi, si tulishaifanyia kazi! Mdogo wangu akanywa mchuzi siku mbili, ya tatu akafumba mdomo. Tulipotoka kumzika, mama aliangalia viganja vyake akasema, "Tungekuwa wavivu, mwanangu angekula mahindi."